Daftari la Kidole

Mwende mwanangu,

Saa hizi uko kanisani. Kwaya wamekuita wakuombee kabla ya safari, na najua hawatakuachilia mapema, maana kwaya yetu ikishika ombi hailiachi mpaka jua lielekee kuzama Yatta. Mimi niko hapa maabara, chumba cha nyuma cha duka la dawa, kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Mlango nimeurudishia nusu. Akija mgonjwa nitaamka nimhudumie kisha nirudi, kwa hiyo ukiona maneno yamekatika katikati usidhani nilikuwa nalia. Sijalia. Ni mwaka wa nne sasa sijui kulia, na hilo nalo limo katika barua hii.

Habari za blanketi, ndoo na kufuli shangazi yako amekueleza mara tatu, na wewe ukiwa mkweli utakubali ulimsikiliza mara moja. Mimi sitarudia. Tena Makindu, huko chuoni kwako, si mbali. Ukishavuka mto Athi ukafika Kibwezi, umefika, chai yako ya chupa ingali na moto. Sikuandikii kwa sababu ya umbali. Nakuandikia kwa sababu ya somo moja.

Somo hilo litakuja mwaka wa pili, au mapema zaidi kama mwalimu ana haraka. Atawaeleza kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Atawaambia ni kipimo kizuri, kinaokoa watu. Halafu atasema kuna watu ambao kipimo hiki huwadanganya, na atawataja: mtu ambaye pombe imemharibia ini, mtu aliyepoteza damu nyingi, mtu aliyeongezewa damu. Wenzako wataandika. Wewe utaacha kuandika. Utakumbuka meza yetu ya jikoni, utahesabu miezi, na utajua kwamba mama yako, mtu wa maabara miaka kumi na minane, alijua. Sitaki uyajue haya ukiwa umekaa katikati ya watu usiowazoea, kalamu mkononi. Ni afadhali uyasikie kwangu kwanza.

Nilipoanza kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja anayeitwa Kilonzo, kule Kitui mjini, mtu mfupi, mkali, aliyevaa sweta hata wakati wa kiangazi. Wiki yangu ya pili nilichanganya slaidi mbili za malaria. Zilikuwa za dada wawili waliokuja pamoja, majina yanafanana, na mimi nilikuwa nimeshughulika kuongea nao. Mzee hakunigombeza mbele yao. Alingoja wakaondoka, akanifungia mlango. "Sisi hatupimi watu, tunapima damu," akaniambia. "Kabla hujaandika kitu, uliza hii damu ni ya nani. Siku utaanza kupima watu, hiyo siku funga mlango uende nyumbani." Nilimwitikia ndiyo mwalimu, na kwa miaka mingi nilifuata. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa.

Baba yako unamkumbuka akiwa tayari ameharibika, na hilo linanisikitisha kwako. Mutua niliyeolewa naye alikuwa mchangamfu hata mbuzi walimpenda. Alipanda hadi Tseikuru kununua mbuzi, akakaa siku nne tano kwa rafiki yake Abdi, akarudi na mifugo na hadithi. Kwa Abdi hakukuwa na pombe, kwa hiyo alirudi nyumbani mzima, macho meupe. Ikawa naijua safari yake kwa macho yake. Ila kati ya safari na safari kulikuwa na kaluvu, pombe ya kienyeji, kwa majirani, na baadaye si kaluvu tena, ni zile chupa ndogo za soko ambazo hata anayeziuza hajui zina nini.

Na mimi nilifanya nini? Nilimnunulia peremende za mnanaa. Kila Jumamosi nilinunua pakiti moja, ili Jumapili asinuke kanisani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na sikutaka kuitwa bibi ya mlevi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mengine yote ni watoto wake. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya mgonjwa. Kumbe pia ni ya anayemnunulia peremende.

Sukari ikampata. Akaanza sindano za insulini, asubuhi na jioni. Kisha ukawa ule mwezi wa Novemba, mvua imenyesha siku tatu, akatapika damu mlangoni pa choo. Wewe ulikuwa umeenda shule. Ini lilikuwa limekauka, na mishipa ya koo ikapasuka, ndivyo walivyonieleza, na nilijua kabla hawajaeleza. Hospitalini wakasema anahitaji damu, na benki ya damu haina kitu. Waletwe watu.

Nimerudi. Alikuwa mama mmoja na mtoto wa homa. Si malaria.

Basi unakumbuka walivyokuja. Pasta alitangaza Jumatano, na Alhamisi asubuhi watu walikuwa wamejipanga kwenye benchi la hospitali. Pasta mwenyewe akauita mwethya wa damu. Watu wetu wanajua mwethya ni kazi ya pamoja ya kuchimba matuta, kujenga bwawa la mchanga, kuezeka nyumba ya mjane, kila mtu na jembe lake. Sasa wakaja na mikono mitupu, wakakunja mashati. Kwaya nzima ya akina mama. Mzee wa kanisa aliyekataliwa kwa sababu ya umri akalalamika hadi wakampa soda. Abdi akasafiri kutoka Tseikuru siku nzima, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi, akatoa, akanywa chai, akarudi. Baba yako aliongezewa painti nne, na damu nyingine ikabaki kwa ajili ya wagonjwa wengine. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu aliyekuwa ameonja pombe. Nililifikiria jambo hilo wakati ule na nikafurahi. Ni mara ya mwisho kufurahi ninayoikumbuka vizuri.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniita kando. Alikuwa kijana, wa umri wa kuwa mdogo wangu. Akaniambia, "Mama, wewe ni mtu wa lab, unaelewa. Huyu usiniletee kipimo cha miezi mitatu. Niletee daftari la kidole." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa kweli.

Nikueleze nilichoelewa, ili siku ya somo usiwe mgeni. Chembe nyekundu ya damu huishi karibu miezi minne. Muda wote huo sukari inaigandia kidogo kidogo, kama masizi kwenye sufuria ya kuni. Ukiangalia masizi, unajua imepikiwa kiasi gani. Ndicho kipimo cha miezi mitatu, ni kuangalia masizi. Lakini mtu ambaye ini lake limekauka, bandama yake huvimba, na inazila chembe kabla ya siku zake. Zinazobaki ni changa, hazijapata muda wa kushika masizi. Mtu akitapika damu, mwili unatengeneza nyingine mpya. Akiongezewa painti nne za watu wazima wenye afya, basi hapo unaangalia sufuria za majirani. Kuna kipimo kingine kinachoangalia sukari iliyogandia protini ya damu, lakini protini hiyo hutengenezwa na ini, na ini la baba yako lilikuwa limechoka, kwa hiyo nacho kingeyumba. Kwa mtu kama yeye kilichobaki ni kidole. Kumchoma kila asubuhi, kuandika, kumchoma kesho yake, kuandika.

Kazi hiyo nilikupa wewe. Shule zilikuwa zimefungwa, ulikuwa umemaliza kidato cha pili, na mimi nilitoka nyumbani saa kumi na mbili. Nilikufundisha asubuhi moja tu. Ulichukua daftari la hesabu lililokuwa na kurasa nyingi tupu, ukalichora mistari kwa rula: tarehe, saa, namba, maelezo. Kwenye maelezo uliandika mambo ambayo sikukufundisha. "Amelala vibaya." "Amekula muthokoi usiku." "Amekataa uji wa jioni, amesema una sura ya Pasta." Nilicheka peke yangu nilipolisoma hilo.

Namba zenyewe hazikuwa za kuchekesha, maana mtu mwenye afya huamka na tano. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na tano. Kumi na tisa. Sindano alikuwa anadungwa, lakini kipimo cha dawa kilihitaji kuongezwa, na njia ya kuongezwa ilikuwa moja, mimi kulichukua lile daftari hadi kwa daktari. Ni safari ya saa moja. Nilikuwa na sababu kila wiki. Kazi, Krismasi, wageni. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kubeba karatasi mbaya za mtu yule. Miaka yote nimebeba habari zake mbaya nikizifunika. Alikuwa ameacha pombe, ameacha kweli, na nilitaka karatasi moja tu inayosema vizuri. Nilitaka wale watu waliokunja mashati waone kazi ya mikono yao.

Wiki ya mwisho ya mwaka mwenye duka hili la dawa akaleta mashine ndogo ya kupima ile ya miezi mitatu. Nikamwita baba yako. Nikamtoa damu mimi mwenyewe, katika chumba hiki, yeye akiwa amekaa kwenye kiti hikihiki. Mashine ikaleta tano nukta nne. Namba ya mtu asiye na ugonjwa wowote. Mutua akaniuliza ni nzuri, nikamwambia ni nzuri sana. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Mzee Kilonzo angeniuliza hii damu ni ya nani, na mimi ningejua kumjibu. Lakini hakuwako, na mimi sikujiuliza. Hapana, ngoja nisiseme uongo hata hapa. Nilijiuliza. Nikajijibu, kisha nikapiga muhuri.

Jumapili ya kwanza ya mwaka unajua ilivyo kwetu, kila mtu na ushuhuda wake. Baba yako akaenda mbele na ile karatasi. Pasta akaisoma kwa sauti, hakuwa na kosa, aliletewa karatasi yenye muhuri wa maabara. Baba yako akasema, "Mimi nilikuwa mchafu. Damu yenu ndiyo imenisafisha." Watu wakapiga vigelegele. Akina mama wakanigeukia, wakanishika mabega. Susu yako, mama yake, alilia hadi kitambaa kikalowa. Nilikuwa kiti cha pili kutoka mbele, na nilitabasamu. Usoni mwangu kulikuwa na tabasamu zima, Mwende, na ndani hakukuwa na kitu. Nafikiri ndipo ilipoanza hii ganzi niliyo nayo.

Kesho yake aliacha sindano. Kwa nini mtu aliyepona ajidunge? Sikumwambia aache. Nilimwona akiziweka ndani ya kopo la majani ya chai, nikapita.

Sasa nimefika penye barua yenyewe. Nimeenda nje nikanywa maji, nimerudi, na bado ni pale pale.

Wewe hukuacha kupima. Hakuna aliyekuambia uache, kwa hiyo uliendelea, na siku ya tano baada ya ushuhuda ukaja kwangu jikoni, daftari limefunguliwa. Nilikuwa nachambua maharagwe. Ukasema, "Mum, hii kitabu inasema ingine na ile karatasi inasema ingine. Leo kidole iko ishirini na moja." Hukuwa unabishana. Ulikuwa unauliza, kama mtoto anayemuuliza mtu anayejua.

Ulikuwa msimu wa maembe. Ndoo ilikuwa pale karibu na mlango, na ulikuwa na uzi wa embe kwenye kidevu. Nikakutazama, nikaona uzi ule, nikapata pa kupitia. Nikakuambia, "Si ni hiyo mikono yako? Unamshika baba yako kidole na mikono ya maembe, kwani unadhani mashine itasoma nini? Wacha kutupima vibaya."

Kitu kibaya kuhusu uongo ule ni kwamba una ukweli ndani yake. Sukari ya tunda ikiwa kidoleni, namba hupanda. Utafundishwa hilo pia. Mtu asiyejua kazi asingeweza kukudanganya hivyo. Nilichukua ujuzi wangu wote nikautumia kumnyamazisha mtoto wa miaka kumi na mitano.

Uliitazama mikono yako. Ukaigeuza pande zote mbili. Halafu ukaniambia pole. Ukaniambia pole, Mwende. Nikakunyang'anya daftari nikaliweka juu ya kabati, na mashine ya kidole nikaifungia kwenye kisanduku chake. Daftari lilikuwa na mistari arobaini na mmoja.

Yaliyobaki unayajua, ila kuna sehemu mbili huzijui. Machi baba yako alikanyaga mwiba wa mgunga, ukapenya kwenye sandali za tairi, na hakuusikia kwa sababu miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alitembea nao siku nyingi. Susu ndiye aliyesikia harufu. Kidonda hakipoi penye sukari ya namna ile. Tulipofika hospitali yule daktari kijana alikuwa zamu. Alimpima kidole, akaiangalia namba, akanigeukia. Akaniuliza, "Daftari liko wapi?" Nikamwambia limepotea. Lilikuwa ndani ya mkoba wangu, begani. Nilikuwa nimelibeba kutoka juu ya kabati asubuhi ile ili nimpe, na nilipomwona uso nikashindwa. Nililibana kwa kiwiko. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Siku ya tatu Mutua akafa.

Ya pili ni hii. Kwenye mazishi watu walisema alirudia pombe. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanatafuta sababu. Waliona damu yao imemsafisha, karatasi imesema, kisha amekufa. Basi lazima ni yeye aliyejichafua tena. Nilisikia wakinong'ona kwenye foleni ya chakula. Abdi aliyetoka Tseikuru kuzika alinijia akaniuliza moja kwa moja, kwa upole, "Mama Mwende, Mutua alirudi kwa hiyo kitu?" Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Niliinamisha tu, na Abdi akaelewa ndiyo, akasikitika, akaenda kumwombea kwa namna yao.

Hakurudia. Nataka ulisome hili mara mbili. Baba yako hakuonja kitu tangu siku ile alipotapika damu hadi siku alipokufa. Miezi mitano. Kwa mtu aliyekunywa miaka kumi na saba, sijui kama unaelewa ukubwa wake. Alipita mbele ya nyumba zenye kaluvu kila jioni akirudi sokoni, akafika kwangu na macho meupe kama ametoka Tseikuru. Alikufa akiwa ameshinda, na mimi nikamwacha azikwe kama aliyeshindwa. Kati ya yote niliyoyafanya sijui ni lipi baya zaidi. Nikiyapanga, mpangilio hubadilika kila siku.

Nilidhani ningenyamaza hadi uzeeni. Ningeweza, maana ganzi haina uchungu. Unaamka, unawasha mashine, unachoma watu vidole, unapika, unalala. Watu wanakusifu kwamba una moyo mgumu, umevumilia. Kilichonitoa ni Susu. Barua yako ya chuo ilipokuja, nilimwambia sielewi mtoto huyu kwa nini amechagua maabara, wakati alama zake zingempeleka hata ualimu. Susu akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Akasema ulimwambia mwenyewe, mkipukuchua mahindi. Ulimwambia Susu hivi: "Kama ningejua kupima vizuri, mum angeamini kitabu yangu, na baba angekuwa hai."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Sikujua, mwanangu. Nilikuwa naona unavyonawa. Nilidhani ni usafi, nikakusifia mbele ya wageni, mtoto wangu ni msafi. Jana umenawa mikono mara mbili kabla ya kushika karatasi za chuo. Umenawa kabla ya kunipa simu. Nilikuona na sasa najua ninachokiona, na sikuweza kusema lolote, kwa sababu ulimi wangu umezoea kukaa. Mkono umekubali kuandika, basi nauacha uandike.

Sitakupa mawaidha kuhusu pombe wala wanaume wala marafiki. Sina cheo cha kutoa mawaidha. Jambo ninalolijua kweli ni moja, na nimelilipia. Utakutana na namba unayoitaka. Haitakuwa ya rushwa, hakuna mtu atakayekuwekea kitu mfukoni. Itakuwa namba nzuri ya mtu unayempenda, na watu wema watakuwa wameingojea, na wewe utakuwa umechoka. Mimi nilidhani mtu wa maabara huharibiwa na ubaya. Mimi niliharibiwa na hamu ya habari njema. Ukiisikia hamu hiyo, mwite mtu mwingine apime.

Pasta nimemwambia juzi, yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kama ningependa yeye awaambie watu kwa niaba yangu. Nilikuwa karibu kukubali. Nikamwomba aniwekee dakika tano Jumapili, baada ya matangazo, nisimame pale Mutua aliposimama. Nitawaambia damu yao haikuwa na kosa, na Mutua hakuwa na kosa. Abdi nimempigia simu. Alisema atakuja. Sijui nitaanzaje, wala sijui watanitazamaje baadaye. Lakini nimeshaomba dakika, sasa siwezi kurudi nyuma. Nimelipanga baada ya wewe kuondoka, ili wakitazama vibaya isiwe wewe wa kutazamwa. Kama ungependa kuwepo, ni haki yako. Basi la kuja huku lipo kila siku.

Hutakiwi kunisamehe ndipo uendelee na masomo. Ukitaka kukasirika, kasirika vizuri, mimi ni mama yako na nitakuwepo. Kesho asubuhi nitakubebea sanduku hadi stendi na nitaongea habari za kawaida, na wewe utakuwa hujui bado. Najua si haki. Lakini nikijaribu kukuambia uso kwa uso nitatafuta uzi mwingine wa embe.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako, na daftari chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwenye leso ya bluu ya Susu. Ukimaliza barua, pitia kurasa zake ukiwa peke yako. Utaona nimeandika ndani yake, usinilaumu kwa kulichafua. Mtafundishwa kwamba jibu la maabara halitoki kwa mtu mmoja. Mmoja hupima, wa pili huhakiki, wote wawili hutia sahihi. Kazi yako haikuwahi kuhakikiwa. Wiki hii nimekuwa nikiifanya hapa kila mchana, mstari mmoja mmoja. Nimetazama tarehe, nimetazama saa, nimelinganisha na mambo uliyoyaandika pembeni, alivyolala, alichokula. Zinafuatana vizuri. Siku aliyokula muthokoi usiku namba imepanda. Siku aliyokataa uji imeshuka kidogo. Mikono yenye maembe haiwezi kuleta namba zinazofuatana hivyo. Hata mstari wa kwanza, wa asubuhi ile niliyokufundisha, ni sahihi.

Nimetia sahihi mara arobaini na moja, na tarehe ya leo, maana sikutaka kuandika ya wakati ule. Mstari wa mwisho, ule wa ishirini na moja, ulikuwa haujajazwa sehemu ya maelezo. Nilikunyang'anya kabla hujaandika. Nimeujaza kwa mkono wangu. Nimeandika: mikono ya mpimaji ilikuwa safi.

Mama yako